Niandikie Wivu Wako

Hospitali ya Chilonge, Ugogo
8 Machi 1959

Mama Mihayo, mke wangu,

Mwangaluka. Natumaini mko wazima, wewe na mtoto na mama. Mimi sijambo, ila vumbi la huku limenipa kikohozi.

Umeniuliza kazi yangu ni kazi gani hasa, maana watu wa Bariadi wanasema nafunga vichaa kamba. Siwafungi. Zamani walifungwa, hilo ni kweli. Sasa imekuja dawa mpya kutoka Ulaya, vidonge, na mimi ni mmoja wa wanaovigawa. Ungeisikia wodi hii mwaka jana ungeziba masikio. Siku hizi tunasikia njiwa wakitembea juu ya bati.

Daktari wetu ni Mwingereza, mrefu mpaka anainama mlangoni, na anapenda kueleza. Anasema ndani ya ubongo kuna kitu kama wajumbe. Wanatumwa huku na huku, na kila mjumbe ana mlango wake wa kuingilia. Yeye anadhani kwa kichaa wajumbe wamezidi, wanagonga mlango bila kupumzika, na dawa hii inakwenda kusimama mlangoni kuwazuia. Nikamwuliza, "Una hakika, bwana?" Akacheka. Akasema hakuna mwenye hakika duniani, ndiyo kwanza wanatafuta.

Amenifanya mkalimani wa wagonjwa wa Kisukuma. Yuko mmoja ambaye alipougua alisahau Kiswahili chote. Sasa ameanza kuzungumza vizuri, mpaka daktari mwenyewe anashangaa. Nimefurahi sana.

Msalimie mama. Mwambie goti alipake mafuta ya ng'ombe, asilikande kwa nguvu.

Mumeo,
Joakim Ngeleja


Bariadi
30 Machi 1959

Baba Mihayo,

Mwadila. Sisi wazima. Mvua imenyesha vizuri, pamba imesimama, ila magugu nayo yamesimama. Mama anakusalimu, goti amelikanda kwa nguvu. Mihayo sasa anaita kila kitu "ng'ombe," hata mimi.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Umeandika daktari ni mrefu. Umeandika njiwa juu ya bati. Yule Mgogo aliyevunja dirisha mwaka jana ulinitajia mpaka ukoo wake. Huyu Msukuma aliyekufurahisha hivyo hukuandika hata kama ni mwanamume au mwanamke. Wewe si mtu wa kusahau jambo kama hilo.

Nangoja.

Mkeo,
Nyanjige


Hospitali ya Chilonge
19 Aprili 1959

Mama Mihayo,

Ni mwanamke. Ni mtu wa upande wa Lalago. Sikuandika kwa sababu siri za wagonjwa hatuzitoi ovyo, ndivyo tulivyofundishwa.

Usiwe na wasiwasi juu yake, ni wa kuhurumiwa. Dawa imemtuliza, lakini imemfanya mzito. Uso umetulia kama maji ya lambo. Ukimkalisha, atakaa hivyo mpaka umwinue. Mikono inatetemeka, kikombe hakimtulii. Nikizungumza naye ananitazama tu bila kupepesa macho.

Daktari anasema huenda milango ile ya ubongo si ya kichaa peke yake. Wajumbe wa mwendo nao hupitia hapo hapo, na dawa ikisimama mlangoni haichagui nani apite. Amesoma kwamba huko Ulaya wataalamu waliwapa sungura dawa nyingine ya kutuliza, sungura wakaganda kama wamechongwa. Kisha wakawachoma sindano ya kitu ambacho ubongo hukigeuza kuwa mjumbe, na sungura wakaamka, wakaanza kurukaruka. Mimi nilimwuliza kwa nini watu wasipewe sindano hiyo. Akasema tusubiri, huenda tukakiamsha na kichaa chenyewe.

Nimetuma shuka la mama kwa mikono ya fundi mmoja anayerudi Maswa.

Mumeo,
Joakim


Bariadi
14 Juni 1959

Joakim,

Leo sikuiti Baba Mihayo.

Jana tulipeleka pamba kwenye mzani. Kwenye foleni nilimkuta Anatoli wa Lalago, amekuja kumwona mkwewe. Aliponiona alikuja mbio kunishika mkono. Akasema, "Shemeji, mumeo ni mtu mwema. Nilikwenda kumwona dada yangu Chilonge, nikamkuta Joakim amemshikia kikombe cha uji, anamfuta na mdomo. Baba yetu mzazi asingeweza."

Karani aliacha kuita majina. Nikajibu, "Ndiyo kazi yake." Nikabeba furushi langu nikasogea kwenye mzani.

Kumbe mtu wa upande wa Lalago ana jina. Klementina. Mwanamke uliyetaka kumwoa kabla yangu.

Mimi niliolewa kwa ng'ombe waliorudishwa kutoka kwao alipougua. Unadhani sikujua? Walipofika zizini kwa baba yangu walikuwa bado wanaelekeza vichwa Lalago. Yule mwenye doa shingoni alitoroka, akakutwa njiani anarudi alikotoka. Watu walicheka, nami nilicheka nao. Nikasema ni ng'ombe tu. Sasa naona mwenye ng'ombe naye ameshika njia ile ile.

Na unaniandikia kwa mkono wako mwenyewe kwamba anakutazama bila kupepesa macho! Mwanamke anamtazama mume wangu hivyo, mume wangu anasema ni vidonge.

Nijibu jambo moja. Hospitali ni nyingi Tanganyika. Nani alikupeleka ile?

Nyanjige ng'wana Maganga


Hospitali ya Chilonge
5 Julai 1959

Mama Mihayo,

Sitazunguka. Niliomba mwenyewe.

Nilitaka kuona kama yu hai, basi. Alipochukuliwa hakuna aliyenieleza kitu. Ng'ombe walirudi, wazee wakasema shauri limekwisha, na mimi nikanyamaza kama kijana mwenye adabu. Nilipofika hapa hakunitambua. Alinitemea mate. Nikasema moyoni, vema, nimeona, sasa nitafanya kazi yangu na kutuma mshahara nyumbani.

Kisha dawa ikaja. Asubuhi moja tukiwa na daktari, aligeuza kichwa polepole akaniambia kwa Kisukuma, "Joakim, ng'ombe wamefika kwa baba?"

Kwake miaka yote ile haikupita. Aliamka pale pale alipolala. Ningejibu nini, Nyanjige? Nikasema, "Wamefika." Sikusema uongo, walifika kweli, siku zile. Daktari akaniuliza mgonjwa amesema nini. Nikasema anauliza habari za nyumbani.

Tangu hapo sijamwambia kuwa nimeoa. Naogopa asije akarudi kule alikotoka. Nakuomba uvumilie mpaka apate nguvu. Mimi ni wako na mtoto ni wetu, hilo halina mlango wa kuingiliwa na mtu.

Joakim


Bariadi
20 Julai 1959

Kwa Klementina, Hospitali ya Chilonge

Hunijui. Mimi ni Nyanjige, mke wa Joakim Ngeleja wa ndoa ya kanisani. Tuna mtoto wa kiume. Akija likizo analala kwangu, anakula kwangu, na nguo zake nafua mimi. Ng'ombe unaowauliza walifika, lakini wakarudi, wakaja kwa baba yangu, na wengine wamekwisha zaa.

Nimeona ni haki ujue, kwa kuwa yeye hana ulimi.

Nyanjige


Hospitali ya Chilonge
9 Agosti 1959

Kwa Mama Mihayo,

Barua yako imenifikia. Nimeisoma mwenyewe. Nisamehe mwandiko. Kila mstari naanza na herufi kubwa, mkono unazifinya.

Nilijua ameoa. Anavaa pete. Siku niliyouliza ng'ombe nilikuwa bado sijaamka vizuri. Kesho yake nilimtazama, nywele zimempungua mbele, nikajua mwaka ni mwingine. Sikumwambia kwamba najua. Aliona raha kunificha, nikamwacha.

Barua yako umeiandika iniume. Nimeelewa hivyo. Niliiweka magotini nikangoja. Nikarudia pale unaposema analala kwako. Nikangoja tena. Hakikuja kitu. Ni kama kusoma bei ya pamba.

Zamani nilikuwa na wivu. Nilimpiga msichana kisimani Lalago kwa sababu alisema Joakim ana meno mazuri. Nakumbuka nilimpiga, nakumbuka na mtungi uliovunjika. Ilikuwaje ndani ya moyo, sikumbuki. Sauti zilizokuwa zikinitukana zimekwenda, na ninaishukuru dawa. Usiku nalala. Lakini imewafukuza wageni pamoja na wenyeji. Anatoli alikuja, akalia. Nikamtazama anavyolia.

Nina ombi. Niandikie wivu wako. Unaanzia wapi mwilini? Unafanyaje ukija? Usifiche neno kwa kunihurumia. Hautaniumiza, na huko ndiko kuumwa kwangu.

Klementina


Bariadi
27 Agosti 1959

Baba Mihayo,

Mtu wako ameniandikia. Herufi ndogo kama sisimizi, nimetoka nazo juani ndipo nikazisoma. Kwa nini mtu aandike hivyo kama hafichi jambo? Au ananionyesha kuwa karatasi ya kuniandikia mimi haifai kumalizwa?

Na ameniomba kitu ambacho sijui ni dharau au ni kichaa. Sitakwambia ni kitu gani.

Nyanjige


Hospitali ya Chilonge
13 Septemba 1959

Mama Mihayo,

Ulimwandikia bila kuniambia. Nilikasirika siku mbili tatu, kisha hasira ikageuka aibu, maana wewe ulisema kwa barua moja jambo nililoshindwa kulisema miezi yote.

Hafichi kitu. Mwandiko ule ni wa dawa. Wagonjwa wengine hapa wameupata, mstari unaanza kama njugu unaishia kama mtama. Ni ugumu ule ule wa mikono. Na macho yasiyopepesa ni hayo hayo. Nimemchunguza. Ukuta nao anautazama vile vile, na ndoo, na mlango.

Nitakwambia na hili, halafu unifanye utakavyo. Kabla sijaelewa kuwa ni dawa, mimi pia nilidhani ananitazama mimi.

Nimemwomba daktari nisiende tena wodi ya wanawake isipokuwa kwa ukalimani. Amekubali.

Joakim


Bariadi
27 Septemba 1959

Dada Klementina,

Umeomba wivu, shika basi.

Wangu unaanzia masikioni. Mtu akitaja Lalago, hata akisema habari za mvua, masikio yanapata moto. Kutoka hapo unashuka tumboni unakaa kama ugali mbichi. Nakula sishibi, nalala sipumziki. Nikipalilia bustani ya bondeni nasema na wewe. Juzi nilikata mche mzuri wa mahindi nikidhani nakujibu.

Sijawahi kukuona. Kwa hiyo nilikuumba. Nilikupa shingo ya mke wa mwalimu, mwendo wa binti mmoja wa Wataturu niliyemwona mnadani, na sauti sikukupa, niliiogopa. Uzuri wote niliowahi kuuona kwa wanawake nimekuvika wewe, halafu nikajilinganisha kwenye maji ya ndoo.

Barua za Joakim nazinusa. Najua ni upuuzi. Zinanuka dawa za hospitali, nami nasema ndiyo harufu yako.

Nilikwenda kwa nfumu huko Itilima. Sikwenda kuomba mume anipende, nilikwenda kuomba wewe usipone. Kuku nilimbeba. Mganga akaniuliza, "Jina lake nani?" Mdomo ukakataa. Usifikiri ulikuwa wema. Niliona nikilitaja utaingia mle kibandani ukae kati yetu. Nikarudi na kuku wangu kwapani, njia nzima analia.

Na nilipoolewa, watu waliponiambia yule wa kwanza amepata kichaa, nilifurahi. Nilificha kwa khanga. Hata hilo ni la wivu, lichukue.

Mkono umechoka. Sijui nimekuandikia kwa nini. Mama mkwe ameniuliza mbona natabasamu na kalamu, nikamwambia natukana mtu.

Nyanjige


Hospitali ya Chilonge
25 Oktoba 1959

Kwa Nyanjige,

Nilipoisoma barua yako nilimpelekea daktari. Kiswahili chake ni cha kuagizia maji, kwa hiyo aliitwa Joakim atafsiri. Alisimama pale, jasho linamtoka, anayasema maneno ya mkewe kwa Kiingereza, ugali mbichi, shingo ya mke wa mwalimu, kuku kwapani. Hapo penye kuku alishusha karatasi. Daktari akasema, "Endelea." Akaendelea.

Alipomaliza daktari akaniuliza nataka nini. Nikamwambia, "Nataka kidogo ya hiyo." Akasema akipunguza vidonge, sauti zinaweza kurudi. Nikasema najua. Alifikiri sana. Kisha akapunguza.

Sasa nakueleza. Sauti moja imerudi, nyembamba, huja jioni. Naijua kwamba ni ugonjwa, naiambia ikae chini. Mikono bado inatetemeka lakini kikombe nakishika. Unaona herufi zangu.

Juma lililopita Joakim alipita uani akiwa na barua yako nyingine. Alikuwa anaisoma huku anatembea, akagonga nguzo, akacheka peke yake. Nikasikia masikio yanapata moto. Nikadhani ni homa. Ukashuka tumboni. Nyanjige, ulikuwa wenyewe! Nilikaa juu ya jiwe nikalia mpaka wauguzi wakaja kunishika, wakidhani nimerudia. Nikawaambia niacheni, nalia kwa akili zangu.

Sasa sikiliza. Nakuonea wivu. Mtoto angekuwa wangu, na zizi, na huyo mama mwenye goti. Wewe umekaa mahali pangu kwa kuwa mimi niliugua, na kuugua sikupenda. Kosa si lako, na bado sikupendi. Zamani kidogo ningekuandikia asante. Leo nimeshindwa kuiandika.

Daktari ananiruhusu kwenda nyumbani mwezi ujao. Anatoli atakuja kunichukua. Usije Lalago.

Klementina ng'wana Masele


Bariadi
13 Desemba 1959

Baba Mihayo,

Mwangaluka. Barua yako ya uhamisho imefika, kwamba mwezi Januari unakuja kwenye hospitali ya Maswa. Mama ameshangilia mpaka amesahau goti.

Nimekwenda Lalago. Mtu wako aliniambia nisiende, kwa hiyo ningekaaje?

Nilipanda lori la mbegu na michembe ya viazi kwenye kikapu. Nilimkuta mbele ya nyumba ya Anatoli anamenya karanga. Ni mfupi. Shingo yake ni ya kawaida. Nilisimama pale nikamtazama, na mizigo yote niliyombebesha huyu mwanamke ikadondoka chini mmoja mmoja.

Akasema bila kuinuka, "Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Nilidhani mzuri zaidi."

"Mimi nilikuwekea shingo ndefu."

Akanitazama, na macho alipepesa, Joakim. Nilihesabu hilo. Akaniuliza unakunywa uji gani siku hizi. Nikasema wa ulezi. Akasema, "Ulezi haupendi, unamlazimisha." Nikamwambia kwangu anaunywa na kuongeza. Akasema mwanamume akikosa la kusema huongeza uji. Tuligombana hapo mpaka Anatoli akatoka ndani akiwa hana shati, anadhani kuna moto. Dada yake alipotaka kunywa maji mkono ukatetemeka, nikanyoosha wangu nimshikie kikombe. Aliupiga. "Niache, nitamwaga mwenyewe!" Akamwaga kweli, kwenye khanga yangu.

Nilipoondoka hakunisindikiza. Lakini kikapu alichukua, na michembe aliila mbele yangu huku akisema imekauka kupita kiasi.

Ndani ya lori nilimtukana kimoyomoyo. Tulipofika karibu na Maswa nikajikuta nacheka, dereva akaniuliza kama ninatoka Chilonge.

Anatoli ameniambia siri. Jioni ile sauti inapomjia, dada yake hutoka uani akazungumza nayo kwa ukali, kisha hurudi kula. Vidonge vinakaribia kwisha, na Lalago hakuna wa kuvileta. Vimeandikwa vichukuliwe Maswa, hapo hapo utakapofanya kazi. Anatoli akasema kwa kuwa wewe unamfahamu, ungekuwa unavipeleka mwenyewe.

Nimemjibu kwa niaba yako.

Ukija, shuka Malampaka, panda lori la Maswa, uje moja kwa moja nyumbani. Lalago huna shughuli. Vidonge vyake nitapeleka mimi.

Mkeo,
Nyanjige